Adoor Gopalakrishnan

Adoor Gopalakrishnan (amezaliwa 3 Julai 1941) ni mwongozaji wa filamu na mwandishi wa miswada kutoka jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa Uhindi. Filamu zake za hadithi zote ni za lugha ya Kimalayalam. Kati ya mwaka 1972 na 2016 alitoa filamu 12 tu za namna hiyo, na miswada yote aliiandika mwenyewe au kushiriki kuiandika. Ingawa idadi hiyo ni ndogo, amepata Tuzo ya Taifa ya Uhindi ya mwongozaji bora mara tano, na mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa katika sinema ya nchi hiyo.

Jina lake hutajwa kila inapozungumzwa "sinema mpya" ya Kerala, yaani filamu zilizoachana na nyimbo, ngoma na mapigano ya sinema ya biashara ili kuonyesha maisha ya watu kama yalivyo. Pamoja na kuongoza filamu, alishiriki kuanzisha vyama vya watazamaji na ushirika wa kutengeneza filamu. Bila vyombo hivyo sinema ya aina yake isingepata fedha wala watu wa kuitazama.

Maisha ya awali na elimu

Gopalakrishnan alizaliwa karibu na mji mdogo wa Adoor, katika eneo lililokuwa wakati huo ufalme wa Travancore. Ndiyo maana jina la mji huo limetangulia jina lake. Familia yake ilikuwa ya wafadhili wa Kathakali, sanaa ya jukwaani ya Kerala ambamo wachezaji waliopakwa rangi nzito usoni husimulia visa vya kale kwa ishara za mikono, macho na miguu, huku waimbaji wakitoa maneno. Tangu utotoni alizoea kuona jinsi kope au kidole kinavyoweza kubeba maana ya sentensi nzima. Akiwa na umri wa miaka minane alianza kuigiza katika tamthilia za ridhaa.

Alisoma uchumi, siasa na utawala wa umma katika chuo cha Gandhigram, jimbo la Tamil Nadu, akahitimu mwaka 1961. Baada ya hapo aliajiriwa na serikali kukusanya takwimu, kazi iliyompeleka vijijini kuhoji watu kuhusu maisha yao. Hakudumu nayo. Mwaka 1962 aliacha ajira hiyo akaenda Pune kusomea uandishi wa miswada na uongozaji katika Taasisi ya Filamu, iliyofunguliwa miaka miwili kabla yake katika majengo ya iliyokuwa studio ya Prabhat. Mwanzoni nia yake ilikuwa kujifunza mambo yatakayomsaidia katika tamthilia za jukwaani. Huko Pune alitazama filamu za Ulaya, Japani na Bengal, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Ritwik Ghatak, mwongozaji mashuhuri wa Kibengali. Alipomaliza masomo mwaka 1965, lengo lake lilikuwa limeshahama kutoka jukwaani kwenda kwenye sinema.

Chitralekha

Wakati huo filamu za Kimalayalam zilikuwa na historia fupi. Filamu ya kwanza isiyo na sauti ilitengenezwa na J. C. Daniel, na ya kwanza yenye sauti, Balan, ilitoka mwaka 1938. Kazi nyingi zilifanyiwa Madras (siku hizi Chennai), nje ya Kerala, kwa sababu studio na maabara zilikuwa huko. Mwaka 1965 filamu ya Chemmeen ya Ramu Kariat ilishinda tuzo ya taifa ya filamu bora, ikaonyesha kwamba Kerala nayo ilikuwa na la kusema. Hata hivyo filamu nyingi ziliendelea kufuata kanuni moja ya mapenzi, nyimbo na maneno mengi.

Mwaka huohuo Gopalakrishnan na wenzake walianzisha Chitralekha mjini Thiruvananthapuram, chama cha kwanza cha filamu katika Kerala. Chama kilileta filamu bora za nje na kuzionyesha kwa wanachama, kisha kuzijadili. Vyama vingine vya aina hiyo vikafuata katika miji na hata vijiji vya jimbo hilo. Sambamba na chama hicho uliundwa ushirika wa filamu wenye jina hilohilo, wa kutengeneza, kusambaza na kuonyesha filamu.

Mpango huu ulijibu tatizo la wazi. Mtengenezaji anayetegemea mkopo wa msambazaji hulazimika kutii masharti ya msambazaji: nyota fulani, nyimbo kadhaa, mwisho wa furaha. Ushirika ulimwezesha msanii kuwa na chombo chake mwenyewe, na vyama vya filamu vilimwandalia watazamaji. Kwa miaka kadhaa Chitralekha iliishi kwa kutengeneza filamu fupi za hali halisi, na Gopalakrishnan alisubiri miaka saba tangu kuhitimu kabla ya kutoa filamu yake ya kwanza ya hadithi.

Filamu za mwanzo

Swayamvaram (1972) ilipatikana kwa mkopo wa shirika la serikali la kugharamia filamu pamoja na akiba ya ushirika. Jina lake linatokana na desturi ya kale ya binti kujichagulia mume. Vishwam na Sita, walioigizwa na Madhu na Sharada, wanawaacha wazazi wao ili waishi pamoja kwa hiari yao. Wanahama kutoka hoteli nzuri kwenda hoteli hafifu, na hatimaye nyumba ya mtaa wa maskini. Riwaya ya Vishwam haipati mchapishaji, na kazi ya kufundisha inamponyoka. Anapopata ukarani katika kiwanda cha mbao, anajua kuwa amechukua nafasi ya mtu aliyefukuzwa, na mtu huyo hamtoki akilini. Vishwam anaugua na kufa. Sita anabaki na mtoto mchanga, lakini hataki kurudi kwao. Filamu inaishia hapo bila kumwambia mtazamaji atafanya nini.

Filamu hiyo haikuwa na nyimbo, na sauti nyingi za mazingira zilinaswa palepale kamera ilipokuwa. Ilipotoka mara ya kwanza watu hawakujaa kumbini. Kisha ikashinda tuzo za taifa za filamu bora, mwongozaji bora, mwigizaji bora wa kike na mpigapicha bora. Iliporudishwa kumbini baada ya tuzo hizo, watazamaji walifika.

Kodiyettam (1977) inamfuata Sankarankutty, mtu mzima mwenye akili ya kitoto ambaye hufurahia kula, kulala na kwenda kwenye sherehe za mahekalu, huku akitunzwa na dada yake. Anaozwa mke, lakini hajui wajibu wa mume, na mke anarudi kwao akiwa mjamzito. Ni baada ya kupata kazi ya utingo wa lori ndipo anapoanza kukomaa. Filamu haina muziki wa kusindikiza hata kidogo. Kinachosikika ni mvua, ndege, magari na sauti za watu. Gopi, aliyeigiza nafasi hiyo, alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora.

Elippathayam

Elippathayam (1981), maana yake "mtego wa panya", ni filamu yake ya kwanza ya rangi na ndiyo iliyomtangaza zaidi nje ya Uhindi. Ilionyeshwa katika Tamasha la Cannes mwaka 1982, na mwaka huohuo Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliipa Tuzo ya Sutherland.

Ili kuielewa inafaa kujua jambo moja la historia. Miongoni mwa jamii ya Wanair wa Kerala, ukoo na mali vilifuata upande wa mama. Nyumba kubwa ya ukoo ilisimamiwa na mwanamume mkubwa, kwa kawaida mjomba, naye alitegemea mazao ya wapangaji wa mashamba. Sheria za ardhi na za urithi za karne ya 20 ziliuvunja mfumo huo hatua kwa hatua, na mwaka 1975 sheria ya jimbo ilifuta rasmi familia ya pamoja ya aina hiyo. Nyumba zilibaki, lakini riziki iliyokuwa ikiziendesha ilikwisha.

Unni, mhusika mkuu, ni mwanamume wa mwisho katika nyumba kama hiyo. Hafanyi kazi yoyote. Ng'ombe akiingia uani, anamwita dada yake aje amfukuze. Akikuta dimbwi njiani, anaghairi safari. Dada mkubwa aliyeolewa anadai fungu lake la mali. Dada wa kati, Rajamma, anamhudumia kaka kama mtumishi na hakuna anayemtafutia mume. Dada mdogo, Sridevi, hatimaye anatoroka nyumbani. Ni Sridevi anayekamata panya kwa mtego na kuwazamisha bwawani. Rajamma anaugua na kubebwa na majirani. Unni anabaki peke yake akijifungia ndani, hadi watu wanapovunja mlango, kumburuta na kumtupa katika bwawa lilelile. Anaibuka akitetemeka, mikono ameikunja kifuani.

Rangi katika filamu hii zinafanya kazi ya maelezo: Sridevi huvaa nyekundu, Rajamma buluu, na dada mkubwa kijani. Hakuna anayehutubia kuhusu kuanguka kwa ukabaila. Mtazamaji anaona tu mtu aliyelelewa kuamini kwamba wengine wapo kwa ajili yake, na anaona gharama ya imani hiyo kwa wanawake wa nyumba.

Mtayarishaji wa Elippathayam alikuwa K. Ravindranathan Nair, mfanyabiashara wa korosho wa mji wa Kollam, ambaye alitayarisha pia filamu tatu zilizofuata kati ya Mukhamukham na Vidheyan. Kollam ni mji ambao viwanda vyake vya kubangua korosho vilitegemea kwa miaka mingi korosho ghafi kutoka Afrika ya Mashariki, zikiwemo za Tanzania na Msumbiji.

Siasa, gereza na utumwa

Mukhamukham (1984) ilizua ubishi mkali nyumbani. Mwaka 1957 Kerala ilichagua serikali ya kikomunisti iliyoongozwa na E. M. S. Namboodiripad, na mwaka 1964 chama kiligawanyika. Filamu inamhusu Sreedharan, kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, anayetoweka baada ya mwenye kiwanda kuuawa. Watu wanamfanya shujaa. Miaka kumi baadaye anarudi, lakini hasemi; analala na kulewa. Wafuasi wanashindwa kumvumilia. Anapouawa, pande zote za chama kilichogawanyika zinambeba tena kama shujaa. Wako waliosema filamu inaushambulia ukomunisti. Wengine waliona inauliza kwa nini watu humpenda kiongozi wa kwenye picha kuliko mtu mwenyewe.

Mathilukal (1990), yaani "Kuta", ilitokana na kitabu cha Vaikom Muhammad Basheer, mwandishi aliyefungwa na serikali katika miaka ya 1940. Mammootty anamwigiza Basheer gerezani. Upande wa pili wa ukuta kuna gereza la wanawake, na humo yumo Narayani. Wanapendana kwa sauti tu. Narayani akirusha kijiti juu ya ukuta, Basheer anajua kuwa yupo. Uso wake hauonekani hata mara moja. Siku wanayopanga kuonana inapokaribia, Basheer anapewa habari kwamba ameachiwa huru. Uhuru aliokuwa akiutamani unamfikia wakati ambapo hautaki.

Vidheyan (1994), kutokana na hadithi ya Paul Zacharia, inachunguza uhusiano wa bwana katili, Bhaskara Pattelar, na mhamiaji maskini, Thommi, anayegeuka mtumishi wake mtiifu. Kathapurushan (1995) inamfuata mtu mwenye kigugumizi anayekua sambamba na historia ya Kerala. Ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora. Nizhalkuthu (2002) inahusu mnyongaji wa Travancore anayeteswa na dhamiri kwa kumnyonga mtu asiye na hatia.

Mtindo

Filamu za Gopalakrishnan huenda polepole. Kamera hukaa mahali pamoja, na matendo madogo ya kila siku kama kula, kuoga au kufunga mlango hupewa muda wao kamili. Mpigapicha wake katika filamu nane za kwanza alikuwa Mankada Ravi Varma. Waigizaji hawapewi mswada mzima, bali huelekezwa onyesho kwa onyesho. Alitumia nyota wa sinema ya biashara pale walipofaa, lakini hakubadilisha hadithi kwa ajili yao.

Ametengeneza pia filamu nyingi za hali halisi, hasa kuhusu Kathakali na Kudiyattam, tamthilia ya kale ya Kisanskriti ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001 kuwa urithi wa binadamu.

Ukosoaji

Baadhi ya wahakiki wameona kwamba filamu zake za baadaye, hasa Pinneyum (2016), hazina nguvu ya zile za mwanzo. Aidha, alipokuwa mwenyekiti wa taasisi ya filamu yenye jina la K. R. Narayanan mkoani Kottayam, wanafunzi waligoma wakilalamikia ubaguzi wa matabaka chini ya mkurugenzi wa taasisi hiyo. Gopalakrishnan alimtetea mkurugenzi, kisha akajiuzulu Januari 2023. Suala hilo liligawanya maoni ya watu wa sinema wa Kerala, kwa kuwa filamu zake zenyewe zinahusu mabwana na watumishi.

Filamu za hadithi

- Swayamvaram (1972): Kujichagulia mume
- Kodiyettam (1977): Kupandisha bendera
- Elippathayam (1981): Mtego wa panya
- Mukhamukham (1984): Ana kwa ana
- Anantaram (1987): Baadaye
- Mathilukal (1990): Kuta
- Vidheyan (1994): Mtumwa mtiifu
- Kathapurushan (1995): Mtu wa hadithi
- Nizhalkuthu (2002): Kuua kivuli
- Naalu Pennungal (2007): Wanawake wanne
- Oru Pennum Randaanum (2008): Mwanamke mmoja na wanaume wawili
- Pinneyum (2016): Tena

Tuzo

- Tuzo ya Taifa ya filamu bora: Swayamvaram, Kathapurushan
- Tuzo ya Taifa ya mwongozaji bora: Swayamvaram, Mukhamukham, Anantaram, Mathilukal, Naalu Pennungal
- Tuzo ya Sutherland, Uingereza: Elippathayam (1982)
- Tuzo ya Dadasaheb Phalke (2004)
- Nishani ya Padma Vibhushan ya serikali ya Uhindi (2006)