Dola Ikishuka Bei, Faida Yako Inabaki Wapi?

Una boti, duka la vinyago au nyumba ya wageni Malindi, Watamu ama Kilifi? Siku hizi kujua kununua na kuuza pekee hakutoshi. Jifunze pia kufuatilia bei ya dola.

Tuchukue mfano. Safari moja ya boti hadi hifadhi ya bahari unatoza dola 50. Januari 2024, dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hivyo ulipata 8,000. Kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa karibu 129, ukapata 6,450. Kama mafuta, chakula na malipo ya nahodha ni 6,000, faida yako imeshuka kutoka 2,000 hadi 450, na wateja hawajapungua hata mmoja!

Tunakushauri hivi:

1. Jumlisha gharama zako kwa shilingi kwanza, ndipo upange bei.
2. Angalia bei ya dola kabla ya kumtajia mgeni bei, na umwambie itadumu hadi lini.
3. Pokea malipo kwa nambari ya till ya biashara, si kwa laini yako. Kila mwisho wa wiki pitia taarifa ya miamala, utoe gharama, uone kilichobaki.

Faida ikianza kupungua, usingoje msimu uishe. Panga bei upya mapema.