Sukari Chini, Ukali Juu: Shoti ya Tabaka kwa Miwa ya Nyando

Shoti ya tabaka ni kinywaji kidogo cha pombe kali, kwa kawaida mililita 45 hadi 60, ambamo vileo viwili au vitatu vya rangi tofauti hukaa kimoja juu ya kingine ndani ya glasi. Aina hii ni kongwe. Kitabu cha vinywaji cha Mmarekani Jerry Thomas cha mwaka 1862 tayari kilikuwa na kinywaji cha aina hii. Mfano unaojulikana zaidi sasa ni B-52: likeri ya kahawa chini, likeri ya krimu katikati, likeri ya machungwa juu. Likeri ni pombe kali iliyotiwa sukari nyingi pamoja na ladha ya tunda, kahawa au krimu.

Vileo hivi si mafuta na maji. Vikikorogwa mara moja huchanganyika na havirudi tena. Kinachovitenganisha ni uzito wa kila mililita, na uzito huo huamuliwa na mambo mawili yanayovutana. Sukari huongeza uzito: kilo moja ya sukari ikiyeyushwa katika kilo moja ya maji, kila mililita ya sharubati hiyo huwa na takriban gramu 1.23. Kileo hupunguza uzito, kwa kuwa mililita moja ya ethanoli safi ina gramu 0.79 tu.

Kisumu ina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu yote mawili, sukari na kileo, hutoka katika mmea uleule, muwa, unaoota nyuma ya mji. Kiwanda cha Miwani, cha kwanza cha sukari nchini Kenya, kilianza mwaka 1922 katika uwanda wa Nyando; Muhoroni na Chemelil vilifuata miaka ya 1960. Miwa ikisagwa na sukari ikatolewa, hubaki molasi, na hukohuko Muhoroni kampuni ya Agro-Chemical and Food huichachusha molasi na kuikeneka ili kupata spiriti. Shoti nzuri ya kando ya ziwa, basi, inaweza kujengwa juu ya muwa kwa sura zake zote mbili: utamu chini, ukali juu.

Tabaka la chini huwa likeri ya kahawa kama Kahlúa, yenye gramu 1.15 hivi kwa mililita. La kati ni likeri ya krimu, Baileys au Amarula, karibu gramu 1.05. Mapishi ya B-52 huweka Cointreau au Grand Marnier juu, lakini likeri hizo nazo zina sukari na uzito wake hukaribia sana ule wa krimu. Mkono usiozoea huvuruga hapo. Spiriti ya miwa kama Kenya Cane haina mzigo huo wa sukari. Spiriti ya asilimia 40 ina gramu 0.95 tu kwa mililita, kwa hiyo huelea juu ya krimu kwa urahisi zaidi, na kwa anayejifunza ndiyo chaguo bora. Asiyepata likeri ya kahawa anaweza kuchemsha sukari nguru na kahawa nzito, akachuja na kuacha ipoe kabisa. Sharubati hiyo hukaa chini bila shida, ila haina kileo.

Umiminaji ndio kazi yenyewe. Likeri ya kahawa hutiwa katikati ya glasi, bila kurukia kuta, kwani kila tone linaloshika ukutani litachora mstari kwenye tabaka linalofuata. Kisha kijiko cha chai hugeuzwa mgongo juu, ncha yake ikigusa ukuta wa glasi, karibu nusu sentimita juu ya uso wa kileo. Krimu humiminwa juu ya mgongo huo kwa mkondo mwembamba kama uzi, itandae badala ya kuanguka. Kijiko hupandishwa taratibu kadiri glasi inavyojaa, na huoshwa kabla ya tabaka la tatu. Chupa yenye mdomo mpana haitoi mkondo mwembamba. Heri kileo kitiwe kwanza kwenye kikombe kidogo chenye mdomo wa kumiminia. Vileo vilivyotoka kwenye friji huwa vizito zaidi na huchanganyika polepole, faida kubwa katika joto la Kisumu. Ndimu na pasheni zikae mbali na krimu: asidi yake huigandisha ikawa mabonge.

Ukali wa shoti hukokotolewa. Mililita 15 za likeri ya kahawa ya asilimia 20, 15 za krimu ya asilimia 17 na 15 za spiriti ya asilimia 40 hutoa mililita 11.55 za kileo safi, yaani asilimia 26 hivi ya glasi nzima. Anayetaka kali zaidi apunguze matabaka ya chini yawe mililita 10 kila moja na spiriti iwe 25. Kileo hupanda hadi mililita 13.7, kama asilimia 30. Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Shoti mbili za kipimo cha kwanza, ambazo humezwa kwa dakika moja, zimeshaizidi, na dereva atakayepuliza kifaa cha alkoblo haruhusiwi kuzidi miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi.

Hesabu hiyo hutegemea lebo, na hapo ndipo chang'aa ya vichochoroni inapokataliwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini kwa watengenezaji wenye leseni tu. Isiyo na lebo haijulikani ukali wake, na inaweza kuwa imetiwa methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Tabaka halitamwonya mtu: mililita ya methanoli ina gramu 0.79, sawa na ethanoli, nayo itaelea vilevile.

Baadhi ya baa huwasha moto tabaka la juu. Spiriti ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kuwaka katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na alasiri Kisumu hufika 29 au 30. Kwenye sherehe ya Dunga yenye samaki juu ya makaa, meza ya kumiminia iwekwe mbali na jiko, na chupa zifungwe kila baada ya kumimina.

Chupa ya mililita 750 hutoa matabaka 50 ya mililita 15. Ile ya mililita 250, ambayo ndiyo ndogo zaidi inayoruhusiwa na sheria kwa pombe kali, hutoa 16. Matabaka huanza kufifia mpakani kadiri yanavyokaa, kwa hiyo shoti humiminwa wageni wakiwa wamefika.