Gharama ya Kuchaji Betri ya Pikipiki Nyumbani

Mwendesha boda boda wa Nairobi anayechaji pikipiki yake ya umeme nyumbani hupima gharama kwa tokeni za umeme. Tuanze na hizo. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba uniti 2.88, uniti moja ikiwa kilowati-saa 1. Sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye chaja. Tukikadiria hasara ya asilimia 10, mita itasoma uniti 3.2. Kwa makadirio ya shilingi 25 kwa uniti, kodi zikiwemo, chaji moja ni shilingi 80.

Bei ya betri yenyewe haimo humo. Tuseme ilinunuliwa kwa shilingi 90,000 na itahimili chaji 1,000 kabla ya kuchoka. Basi kila chaji inakula shilingi 90 za betri, zaidi ya umeme wenyewe.

Hiyo 1,000 ndiyo ya kutiliwa shaka. Idadi za namna hiyo hupimwa maabara, joto likiwa limedhibitiwa. Betri inayochomekwa ikiwa bado ya moto kutoka barabarani, kisha ikaachwa imejaa muda mrefu, huchoka mapema. Ikiishia chaji 700, gharama inapanda kutoka shilingi 90 hadi 129. Kwa chaji 300 kwa mwaka, nyongeza hiyo ni takriban shilingi 11,600, na dawa yake kubwa ni kusubiri betri ipoe. Betri itakayokaa wiki kadhaa bila kutumika nayo ihifadhiwe ikiwa karibu nusu, mahali pakavu pasipo jua.

Kwenye chaja ndipo watu wanapojaribu kuokoa, na hapo hesabu inabadilika sura. Betri ya lithiamu ya volti 72 ya nikeli, manganizi na kobalti huwa na seli 20, na kila seli hukoma kwenye volti 4.2, jumla 84. Ya chuma na fosfeti huwa na seli 24 zinazokoma kwenye 3.65, jumla 87.6. Zote mbili huuzwa kama za volti 72, na plagi huweza kufanana. Chaja ya betri ya pili ikichomekwa kwenye betri ya kwanza, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.38. Tofauti ni asilimia 4.3 tu, lakini 4.2 ndiyo dari. Kinachobaki kuzuia hatari ya moto ni saketi ya ulinzi, yaani kibao kinachokata umeme seli inapopita kikomo. Katika betri iliyofunguliwa na kuundwa upya kwa seli kuukuu, sioni sababu ya kuiamini saketi hiyo.

Ukubwa wa hatari je? Uniti 2.88 ni nishati ya betri za simu takriban 150 zikiwa pamoja. Jiji la New York, lenye maelfu ya wasafirishaji wa chakula wanaotumia baiskeli za umeme, lilihesabu moto wa betri za lithiamu mara 30 mwaka 2019 na mara 268 mwaka 2023, ambapo watu 18 walikufa. Mwaka 2024 moto ulikuwa mara 277 na vifo 6. Yaani kifo 1 kwa kila moto 15, kisha 1 kwa kila moto 46. Kuanzia Septemba 2023 sheria ya jiji inataka betri zinazouzwa ziwe zimethibitishwa usalama, lakini siwezi kuipa sheria hiyo sifa yote: vifo ni vichache kiasi kwamba tukio moja hubadilisha uwiano. Pia takwimu hizo hazisemi ni betri ngapi zilikuwa zikitumika.

Kinga tuipime vivyo hivyo. King'ora cha moshi cha shilingi 2,500 kikidumu miaka 10 ni shilingi 250 kwa mwaka, chini ya shilingi 1 kwa chaji. Ugumu uko kwenye nafasi. Katika nyumba ya chumba kimoja, betri ikichajiwa mlangoni inaziba njia pekee ya kutokea, na ikiwekwa ndani zaidi inalala na watoto. Kizimba cha chuma cha kuchajia uani, tuseme cha shilingi 60,000, kikitumiwa na waendeshaji 10 kwa miaka 5, ni shilingi 1,200 kwa mtu kwa mwaka, au shilingi 4 kwa chaji. Juu ya shilingi 170 za umeme na betri, hiyo ni nyongeza ya asilimia 2.4. Waya na mita ya pekee sijazihesabu, na hizo zinahitaji idhini ya mwenye nyumba.