Je, Wajua? Mtihani Kwanza, Ndege Baadaye

Nchini Marekani, kijana wa miaka 15 anaweza kufaulu mtihani wa nadharia wa urubani kabla hajagusa usukani wa ndege. Leseni yenyewe ataisubiri hadi atimize miaka 17.

Maswali ni 60, yote ya kuchagua jibu: ramani za anga, hali ya hewa, uzito wa mizigo. Alama ya kufaulu ni asilimia 70. Ni vyema kusoma mapema, maana saa moja angani ni ghali mno! Ila asizembee. Matokeo hudumu miezi 24 tu. Muda ukipita bila mtihani wa vitendo, anaanza upya.

Uingereza je? Leseni ya rubani binafsi hudai mitihani 9 ya nadharia, kila mmoja kwa asilimia 75.