Jioni Niliyomwona Shoga Yangu Amekaa

Shoga yangu anaishi Darsait, fleti ya ghorofa ya tatu, na kwa miaka tisa tangu tujuane hapa Maskati sijapata kutoka kwake na njaa. Ukibisha hodi tu, jiko limeshawashwa. Zinakuja sambusa, inakuja juisi, na ukisema umeshiba anakuuliza, "Kwani chakula changu kibaya?" Ndivyo tulivyolelewa Unguja, na malezi hayo tumekuja nayo hadi huku.

Basi nilipomwambia Alhamisi moja kwamba safari hii tukale mkahawani, mie na yeye tu, hakupenda. "Watu watasema nimeshindwa kukupikia." Nikamuuliza watu gani, na sisi tunakwenda wawili? Akacheka. Alisali Isha, akawaacha watoto na baba yao, tukatoka.

Kwa asiyeijua, Darsait ni mtaa ulio baina ya Ruwi na bahari, jirani na Matrah. Wahindi ni wengi. Wana shule yao kubwa hapo, na hekalu la Krishna. Ukitafuta dosa au chai ya maziwa ya baisa mia, hutembei mbali. Mkahawa wa Kifaransa ndio hukutegemea kuuona. Huu ulikuwa mdogo, meza kama kumi, na vyakula vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi. Wafaransa mkahawa wa namna hii huuita bistro: pahala pa kula chakula cha kawaida, kama cha nyumbani, bila ya kujipamba.

Mwanzo tuliutazama ule ubao kama wanafunzi walioingia chumba cha mtihani kisicho chao. Kidogo kidogo tukaanza kuwajua wenyeji wetu. Krepu ni chapati za maji. Ratatuya ni mchuzi wa biringani, nyanya na pilipili boga. Saladi ya mji wa Nice ni jodari, mayai ya kuchemsha na mboga. "Haya yote tunayo kwetu," shoga yangu alisema, "ila sisi hatuyaandiki ubaoni."

Lakini lipo la kuuliza, na nawaomba wenzangu msione haya kuliuliza. Mapishi mengi ya Kifaransa hutiwa mvinyo, hata supu ya vitunguu, na baadhi ya vitafunio vyao vya mayai na jibini huwa na nyama ya nguruwe. Mkahawa kutouza pombe si jibu la kilichomo sufuriani. Tulimuuliza mhudumu, naye akaenda jikoni kuhakikisha. Akarudi na habari njema: supu ni ya mifupa ya ng'ombe tu, na nguruwe hawampiki kabisa.

Supu ile ni kazi ya subira. Vitunguu vingi hukatwa vyembamba, vikakaangwa kwa siagi juu ya moto mdogo hata saa nzima, mpaka viwe na rangi ya asali. Hutiwa mchuzi wa mifupa, juu kikawekwa kipande cha mkate na jibini, kisha bakuli likaingizwa kwenye moto wa juu. Shoga yangu alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Humu mna karafuu."

Alikuwa na haki. Wapishi wa Kifaransa wanapochemsha mifupa huchomeka karafuu kwenye kitunguu kizima. Na karafuu yenyewe ilipitia mikononi mwao kabla ya kutufikia sisi. Mwaka 1770, kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, miche iliyotolewa visiwa vya Maluku ilifikishwa Mauritius, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa. Kutoka visiwa vya upande huo ikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza ipandwe mashamba kwa mashamba, kwa jasho la watumwa. Leo tunainywa kwenye supu ya Mfaransa, mjini Maskati, alikotoka Sayyid.

Tukamaliza supu, tukaagiza krepu. Hapo ndipo nilipotambua kitu. Kwa miaka tisa sijawahi kumwona mtu huyu amekaa. Kwake huwa jikoni, au yuko njiani baina ya jikoni na sebuleni, na mazungumzo yetu ni vipande vipande. Sasa hakuna jiko wala mtoto. Alikuwa mbele yangu, mikono juu ya meza, hana pa kukimbilia.

Nikamuuliza, "U mzima, shoga?"

Akaniambia mkataba wa mumewe hautaongezwa. Kazi ikisha na ukaazi umekwisha, na wamebakiwa na miezi miwili. Alikuwa nayo habari ile kwa wiki tatu. Katika wiki hizo tatu nilikwenda kwake mara mbili, nikala biriani, nikasifu, nikaondoka. "Nyumbani wanangoja pesa ya bati," alisema. "Nitawaambiaje kwamba tunarudi?"

Tulilia kidogo, krepu zikapoa. Kisha tukaomba kalamu, tukaandika nyuma ya karatasi ya meza: vyeti vya uhamisho vya watoto, kiinua mgongo cha mumewe, mizigo ya kupeleka kwa meli, vitu vya kuuza, na nani aambiwe kwanza. Wa kwanza alikuwa mama yake. Alimpigia kesho yake asubuhi, mie nikiwa pembeni.

Akainuka, ati anakwenda kunawa mikono. Hila hiyo naijua, nami huifanya: unapita kwa karani ukalipe kwa siri. Nilikuwa nimeshalipa kabla hatujakaa. Alirudi amekasirika kweli. "Umenionea. Zamu yangu lini sasa?"

Nikamwambia Alhamisi ijayo. Tulikwenda, akalipa yeye, na tumekwenda kila Alhamisi tangu siku hiyo. Zimebaki tatu.

Kama unaye rafiki ambaye kila ukenda kwake hakai, mtoe siku moja. Hata kwa chai na chapati. La muhimu apikiwe na mtu mwengine.