Hedifoni Haizimi Kompyuta

Kompyuta ya mezani inafanya kazi bila shida. Mwanafunzi anachomeka hedifoni kwenye tundu la mbele asikilize somo, kioo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza. Waliopo wanatoa hukumu papo hapo: hedifoni imekula umeme. Inatupwa, inanunuliwa nyingine, na ugonjwa unarudi. Kama una stesheneri Kasense au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Sumbawanga, huenda umeshaingia gharama hiyo bure.

Hedifoni haina uwezo huo. Inatumia sehemu ndogo tu ya wati moja, wakati pawa saplai ya kompyuta ya kawaida ya ofisini hutoa wati 200 hadi 300. Hata pale pini inapoteleza ndani ya tundu na kuugusanisha kwa muda mfupi waya wa sikio la kushoto na wa kulia, saketi ya sauti imeundwa ivumilie, kwa kuwa jambo hilo hutokea kila mtu anapochomeka. Kwa hiyo fundi asiulize hedifoni hii ina nini. Aulize: pini ilipoingia, ni umeme gani mwingine uliopata njia?

Sehemu ya pini iliyo karibu na shina lake la plastiki huungana na upande wa ardhi wa mazabodi. Mazabodi nayo imeungana na bati la kasha, lile ambalo wengi huliita sipiyu. Na bati hilo linapaswa kuungana, kupitia waya wa tatu wa plagi, yaani ethi, na ardhi yenyewe nje ya nyumba. Vidole vyako vikigusa chuma cha pini wakati unachomeka, na wewe umeingia katika mnyororo huo.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Ufipa inapohusika. Uwanda wetu uko juu. Sumbawanga mjini ni zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua hukatika kufikia Mei na kurudi mnamo Novemba. Katikati hapo hewa inakauka, upepo unavuma, na baridi ya Juni na Julai inawatoa watu na masweta na majaketi ya nailoni ya mitumba. Nguo hizo zikisuguana na kiti cha plastiki, mwili hukusanya umeme tuli. Ule mshtuko mdogo unaoupata ukigusa kitasa cha mlango ni dalili kwamba mwili ulikuwa umefikia volti 3,000 hivi au zaidi. Haukudhuru kwa sababu kiasi chake ni kidogo mno na unaisha kabla hata hujakunja uso. Kwa mazabodi ni habari nyingine. Mshtuko ukipenyea kwenye tundu la sauti, saketi zinazosimamia kuwasha na kuzima zinaweza kuvurugika, na mashine ikazima au ikajiwasha upya.

Viwango vya kimataifa huitaka kompyuta ihimili volti 4,000 za kuguswa moja kwa moja na 8,000 za cheche inayoruka hewani. Lakini majaribio hayo hufanywa mashine ikiwa imeungwa na ardhi kama mtengenezaji alivyoagiza, na kwetu hilo ndilo mara nyingi halipo.

Ndani ya pawa saplai mna kichujio chenye kapasita ndogo mbili, moja kutoka waya wa moto na nyingine kutoka nyutro, zote zikipeleka mabaki ya umeme kwenye bati la kasha ili yateremke ardhini. Waya wa ethi ukikosekana, mabaki hayo hayana pa kwenda. Bati hubaki katikati ya sifuri na volti 230, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ila mtu akiligusa huhisi linamchomachoma, na wengi husema tu kwamba kompyuta ina shoti kisha wanaizoea. Isizoeleke, wala usiijaribu kwa mkono kwa makusudi, kwa sababu mkono hauwezi kutofautisha mabaki ya kichujio na waya wa moto uliochunika ukagusa bati. Huo wa pili unaua. Mtu akichomeka pini akiwa peku sakafuni, au akichomeka waya unaokwenda kwenye amplifaya ya kwaya iliyo katika soketi nyingine, umeme uliokuwa umekwama kwenye bati unatokea kwenye tundu la sauti.

Ethi inapoteaje? Mtu amekata pini ndefu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Mwingine amesukuma kalamu kwenye tundu la juu ili aingize plagi ya pini mbili. Kuna ekstensheni za bei rahisi zenye matundu matatu juu na nyaya mbili tu ndani. Hizi naziona hatari kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi anaamini amelindwa. Na hata nyumba iliyofungwa umeme vizuri ina shida yake ya msimu. Udongo ukikauka hupitisha umeme kwa tabu, hivyo nondo ya ethi iliyopigwa kwa kina kifupi inaweza kufanya kazi vizuri Februari na kuwa dhaifu sana Agosti. Miezi ambayo miili yetu hubeba umeme tuli mwingi ndiyo miezi ambayo ardhi huupokea kwa shida. Ningetamani kila mwenye kompyuta Ufipa alijue hili. Sumbawanga imesimuliwa vya kutosha kwa habari za radi za kutumwa. Kijana anayepigwa mshtuko na kuona mashine inazima mkononi mwake anastahili maelezo yanayopimika kwa mita.

Kabla ya kufungua kasha, tazama taa ya chumba. Mkoa wa Rukwa umetegemea kwa miaka mingi umeme unaonunuliwa Zambia na kuletwa kupitia Mbala, na watu wamezoea kukatikiwa, hivyo ni rahisi kuilaumu TANESCO. Taa ikiendelea kuwaka, tatizo ni lako. Kisha angalia mashine imezima vipi. Ikitokea skrini ya buluu kabla ya kujiwasha upya, shughulika na draiva ya sauti: iondoe, uweke ile iliyotolewa na mtengenezaji wa mashine. Ikijiwasha upya bila kuonyesha chochote, shuku umeme tuli. Ikizima kabisa na kugoma kuwaka mpaka uchomoe waya wa ukutani na kusubiri kidogo, hiyo ni pawa saplai iliyojifunga kujikinga na shoti, na shoti hiyo ni ya chuma kugusa chuma.

Sasa chomeka hedifoni ileile kwenye tundu la kijani la nyuma. Kipimo hiki hakigharimu kitu na husema mengi kuliko kingine chochote. Nyuma ikikubali na mbele ikizima, ugonjwa uko kwenye uso wa kasha. Tundu la sauti la mbele mara nyingi hukaa kwenye kibao kimoja na matundu ya USB, ambayo yana volti 5. Pini ya USB iliyopinda, au kibao kilicholegea skrubu, husukumwa na mkono unaochomeka hedifoni hadi kikagusa bati. Wakati mwingine kinachosukumwa ni nyaya za swichi ya kuwashia au ya kuwasha upya zinazopita jirani, na mashine hutii kama vile umebonyeza.

Fundi aliyewahi kurudishia nyaya vibaya naye huacha alama. Kwenye mazabodi, kituo cha sauti ya mbele na kile cha USB vinafanana: pini 9 kila kimoja, safu mbili. Tofauti ni nafasi iliyo tupu, ya 8 kwa sauti na ya 9 kwa USB. Kebo iliyolazimishwa isipostahili hupeleka volti 5 mahali pa sauti.

Umeme ukiwa umechomolewa ukutani, kaza kibao hicho au kibadilishe. Kikikosekana, toa kebo ya sauti ya mbele kwenye mazabodi na utumie tundu la nyuma kwa waya wa kurefushia. Mashine haipotezi kitu kingine.

Kama mbele na nyuma zote zinazima, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime soketi. Kati ya waya wa moto na ethi asome karibu 230, na kati ya nyutro na ethi volti chache tu. Asiposoma hivyo, afuatilie waya hadi kwenye nondo, aipige ndani zaidi penye unyevu, na arudi kuipima Septemba, udongo ukiwa umekauka kabisa.