Mwandishi wa Deni na Amana ya Kalamu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inazungumzia deni na kuandikwa kwake. Humo Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na amekataza yeye na shahidi kudhuriwa.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya amri ya kuandikiana. Jamhuri ya Maulamaa wameona ni jambo lililopendekezwa; ama Ibn Hazm (aliyefariki mwaka 456 H) ameona ni wajibu.

Lakini tuzingatie hili: anayemtamkia mwandishi ni mdaiwa, si mdai, kwani haki iko juu yake na kukiri kwake ndiyo hoja. Akiwa hawezi, hutamka walii wake. Kwa hiyo mwandishi si mtumishi wa mwenye mali. Akimwekesha dole gumba asiyejua kusoma bila ya kumsomea, amekhini amana.

Basi sisi tunaoombwa kuandika mikataba baada ya Sala, tumsomee mdaiwa mpaka akiri mwenyewe mbele ya mashahidi.

Wallahu Aalam.